Gari la zamani la 4x4: urudishe springi, uinue springi, uinue bodi au ukuze matairi?

Watu wawili wenye Land Cruiser za aina moja wanaweza kuinua magari yao kwa kiasi kile kile, mmoja akaridhika na mwingine akaendelea kukwama palepale alipokuwa akikwama. Sababu ni kwamba kuna njia nne za kuinua gari, na kila moja huinua kitu tofauti. Anayechagua kwa kutazama picha za magari ya wengine huishia kuinua kisichohitaji kuinuliwa.

Chini ya gari lenye chesisi na ekseli nzima kuna tabaka tatu. Ya chini kabisa ni ekseli pamoja na difu yake, lile bakuli la gia lililo katikati yake, na hiyo hubebwa na matairi. Ya pili ni chesisi, ikiwa na injini, giaboksi na tangi la mafuta, nayo hubebwa na springi. Ya juu ni bodi, inayokalia chesisi kwa mipira na bolti. Tairi kubwa huinua tabaka zote tatu. Springi ndefu huinua mbili za juu na kuiacha difu palepale. Spesa za bodi, yaani vipande vigumu vinavyowekwa kati ya bodi na chesisi, huinua bodi peke yake.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, ingia uvunguni na tochi utafute mikwaruzo. Je, kinachogusa mawe ni bakuli la difu? Ni tangi, au ile nguzo ya chesisi inayobeba giaboksi? Au hakuna kinachogusa chini, ila tairi linasugua ukingo wa madigadi ukikata kona? Majibu hayo matatu yanakupeleka kwenye kazi tatu tofauti.

Vigezo vya kulinganishia

Nitazipima njia zote nne kwa maswali yale yale: inainua nini hasa, kazi yake ikoje ukiifanya nyumbani, na inarudishika ukijuta, inavuruga nini kwenye usukani, breki na propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu), na inamfaa nani. Muonekano sikuuweka. Si dhambi kupenda gari refu, lakini hicho ni kigezo cha mwenye gari, mimi siwezi kumpimia.

Usalama ni ule ule kwa njia zote, basi niuseme mara moja. Jeki huinua tu, haishikilii. Gari liwe juu ya stendi imara zilizowekwa chini ya chesisi, kwenye sakafu ngumu, na matairi yaliyobaki chini yazuiwe kwa kabari. Kumbuka pia kwamba kwenye magari mengi ya zamani hendibreki hushika magurudumu ya nyuma tu, au hushika propela ya nyuma kama ilivyo kwenye Land Rover za zamani. Ukiinua gurudumu la nyuma, hata moja, usiitegemee.

1. Kurudisha springi kwenye kimo cha kiwandani

*Inainua nini.* Inarudisha kilichopotea. Springi za vipande huchoka, kutu huingia kati ya vipande, bushi hulika, na gari hushuka polepole hivi kwamba mwenyewe haoni. Wengi wanaosema gari lao ni fupi wana gari lililoshuka. Pima kutoka katikati ya habu ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi ulio juu yake, pande zote nne, gari likiwa tupu kwenye uwanja tambarare. Ukipimia habu, upepo na uchakavu wa tairi havitakudanganya. Linganisha kulia na kushoto, kisha linganisha na kipimo cha gari la aina hiyo lenye springi nzima.

Kwenye Land Rover za Series, yaani kizazi cha kabla ya 90 na 110, springi ya upande wa dereva haifanani na ya upande wa pili, kwa kuwa upande mmoja ulitengenezwa ubebe uzito zaidi. Aliyezibadilisha pande bila kujua hupata gari linalolala upande, akaanza kuilaumu chesisi.

*Kazi yake nyumbani.* Hapa ugumu wote ni kutu. Bolti ya bushi huganda ndani ya bomba la chuma la bushi, na inaweza kukugharimu siku nzima. Anza kunyunyiza mafuta ya kulegeza kutu siku kadhaa kabla, na uwe tayari kuikata. Yu-bolti za zamani, zile za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, usizirudishe: zimeshanyooka kwa kukazwa, na nyuzi zake zimechoka. Bushi za mpira zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya matairi. Ukizikaza ekseli ikining'inia, mpira utakaa umepindwa kila saa na kupasuka mapema. Kwa springi za koili kwenye ekseli nzima kazi ni nyepesi zaidi: ukifungua shokapu na kuishusha ekseli taratibu huku ukiuangalia mpira wa breki (bomba laini la mafuta ya breki) usivutike, mara nyingi koili hutoka bila kubanwa. Ikikataa, usilazimishe. Koili iliyobanwa vibaya huua.

*Inavuruga nini.* Karibu hakuna. Propela inarudi kwenye pembe yake, breki na usukani pia. Gari litakuwa gumu kidogo mwanzoni.

*Inamfaa nani.* Anayelitumia gari kila siku, anayetaka kulitunza katika hali ya asili, na yeyote ambaye hajui historia ya gari alilonunua. Nionavyo, hata anayekusudia kwenda mbali zaidi aanzie hapa, maana gari likiyumba barabarani baada ya kuinuliwa hutajua kama kosa ni la springi mpya au la bushi zilizokufa zamani.

2. Springi ndefu kuliko za kiwandani

*Inainua nini.* Chesisi na kila kilichofungwa juu yake. Seti za kawaida kwa magari haya huongeza milimita 40 hadi 50. Faida kubwa iko kwenye pembe: bampa la mbele halichimbi unapoanza kupanda ukingo, la nyuma haliburuti ukitoka mtaroni, na tumbo la gari halikai juu ya tuta. Nafasi pia huongezeka ndani ya madigadi. Chini ya difu haiongezeki hata milimita moja.

*Kazi yake nyumbani.* Mikono ni ile ile ya njia ya kwanza, ila vitu vya kufunga vimeongezeka. Shokapu lazima ziendane na urefu mpya. Zikiwa fupi zitafika mwisho kabla ya springi, na hapo shokapu ndiyo itakayokuwa inaizuia ekseli isidondoke, kazi ambayo haikuumbwa kuifanya. Mipira ya breki ipimwe ekseli ikiwa imening'inia hadi mwisho, gurudumu limekatwa kulia kisha kushoto. Ikivutika, weka mirefu. Ukijuta, springi za zamani zinarudi mahali pake, basi usizitupe.

*Inavuruga nini.* Njia hii hugusa mambo mengi kuliko wauzaji wanavyosema, kwa hiyo nikae hapa kidogo.

Kuna kasta, yaani ule mlazo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia. Ndio unaofanya usukani ujirudishe wenyewe baada ya kona. Kwenye magari yenye koili na mikono mirefu inayoshika ekseli ya mbele, kama Land Rover 110 ya kuanzia 1983, Nissan Patrol Y60 na Land Cruiser 80, ukiinua chesisi ekseli huzunguka kidogo na kasta hupungua. Gari huwa jepesi mkononi, linatangatanga, na halirudi katikati. Dawa ni bushi zenye tundu lililohamishwa pembeni, au mikono iliyotengenezwa kwa kimo kipya. Kwenye springi za vipande, mafundi hutumia kabari za chuma kati ya springi na kikalio chake.

Magari hayo ya koili yana pia fimbo ya mlalo inayozuia ekseli isiende kushoto na kulia, ncha moja ikiwa kwenye chesisi na nyingine kwenye ekseli. Chesisi ikipanda, fimbo huivuta ekseli upande mmoja. Kwa milimita 40 wengi hawaoni tofauti. Ukizidisha, tafuta fimbo inayorekebishika urefu.

Propela hupata pembe kali zaidi, na gari fupi huumia zaidi kuliko refu kwa sababu propela ya nyuma ni fupi. Mtetemo unaokuja kwa mwendo fulani na kupotea ukiachia mafuta ni dalili ya kuangalia pembe hizo.

Kisha kuna jambo linalosahaulika kuliko yote. Land Cruiser nyingi na pikapu za umri huo zina vali ya breki inayosoma mzigo, ikiwa na mkono uliounganishwa kati ya chesisi na ekseli ya nyuma. Nafasi hiyo ikiongezeka, vali huamini kwamba gari ni tupu na hupunguza nguvu ya breki za nyuma. Gari linasimama kwa shida na fundi anabadilisha vipuri visivyo na kosa. Rekebisha mkono wa vali ulingane na kimo kipya.

Magari yenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea na fimbo za kusokotwa badala ya springi, kama Pajero za vizazi viwili vya kwanza na Land Cruiser 100, hudanganya kwa urahisi wake: unakaza bolti tu na gari linapanda. Lakini springi haijarefuka, umekula nafasi ya gurudumu ya kushuka. Mbele inakuwa ngumu, na jointi za ekseli zinafanya kazi kwa pembe zinazozichakaza. Kidogo kinavumilika. Kukaza hadi mwisho hakufai.

Wapo pia wanaorefusha shekeli, vile vibapa vinavyoning'iniza ncha ya springi kwenye chesisi. Ili kupata milimita 25 inabidi shekeli irefuke kwa takriban 50, kwa kuwa ni ncha moja tu ya springi inayoshuka, na pembe ya ekseli hubadilika pamoja nayo. Na kwa Suzuki Samurai au Land Cruiser 40, ambazo springi zake hupita chini ya ekseli, wapo wanaohamishia springi juu yake. Gari hupanda sana kwa mara moja, lakini vikalio vinachomelewa upya, usukani unapangwa upya, na ekseli hupata tabia ya kujisokota unapokanyaga mafuta. Hiyo ni kazi ya mchomeleaji aliyefuzu. Mwenye spana peke yake asiiguse.

*Inamfaa nani.* Anayepita mara kwa mara njia zenye mitaro na matuta ya katikati, na anayebeba mizigo mizito ya safari. Achague springi kwa uzito anaoubeba kweli: springi ya mzigo mzito chini ya gari tupu hurusha magurudumu hewani, na gurudumu lililo hewani halivuti.

3. Kuinua bodi

*Inainua nini.* Bodi tu, kwa spesa ngumu kati yake na chesisi, mara nyingi milimita 25 hadi 50. Chesisi, tangi, giaboksi na difu havisogei. Unachonunua ni nafasi ya tairi ndani ya madigadi, na vizingiti vya milango vinavyokaa mbali kidogo na mawe. Wengi huidharau njia hii, na nadhani wanaionea. Injini na giaboksi zikibaki chini, kitovu cha uzito hupanda kidogo kuliko ukiinua kila kitu kwa springi, na pembe za propela, kasta na vali ya breki hubaki kama zilivyokuwa.

*Kazi yake nyumbani.* Haihitaji nguvu nyingi, inahitaji subira. Legeza bolti zote za bodi, toa za upande mmoja, inua upande huo kidogo kwa jeki na ubao mpana, weka spesa, kisha hamia upande wa pili. Adui ni nati zilizochomelewa ndani ya bodi: zikishakula kutu hung'oka na kuzunguka pamoja na bolti, na hapo itabidi ukate sakafu kuifikia nati. Kagua sehemu hizo kwanza. Bolti mpya ziwe ndefu lakini za daraja lile lile la uimara, na spesa ziwe za nailoni ngumu au alumini. Mbao hazifai.

*Inavuruga nini.* Kila kinachovuka kutoka bodi kwenda chesisi: shafti ya usukani, waya wa hendibreki, bomba la kujazia mafuta, mipira ya breki inayotoka kwenye bodi, waya wa athi, fimbo za gia. Radieta ikiwa imefungwa kwenye bodi itapanda, na feni iliyobaki na injini itaanza kukwaruza kava yake. Pitia orodha hiyo kabla ya kuinua, na upimie shafti ya usukani kuliko vyote: jointi yake ikivutwa hadi ukingoni, usukani unaweza kuachana na magurudumu. Bampa hubaki chini likiacha mwanya, nalo ni suala la macho.

Njia hii haiwezekani kwenye gari lisilo na chesisi ya pekee, kama Lada Niva au Jeep Cherokee XJ. Kwenye Land Rover za Series na za 90 na 110 bodi hufungwa kwenye chesisi kipande kwa kipande, hivyo si kazi ninayoipendekeza. Inakubali vizuri magari yenye bodi iliyokalia mipira, kama Land Cruiser za 40, 60 na 70, au Samurai.

*Inamfaa nani.* Aliyeridhika na springi zake, ambaye shida yake ni tairi kubwa kidogo linalosugua, na anayetaka gari lisibadilike tabia barabarani.

4. Matairi makubwa

*Inainua nini.* Vyote, na ndiyo njia pekee kati ya hizi nne inayoiondoa difu kwenye jiwe. Lakini unapata nusu tu ya unachoongeza. Tairi la 265/75R16 lina kipenyo cha takriban milimita 804, na la 285/75R16 takriban 834. Tofauti ni 30, difu inapanda 15. Kutoka inchi 31 kwenda 33 unapata inchi moja.

*Kazi yake nyumbani.* Rahisi kuliko zote kwa mikono. Kabla ya kununua, kata usukani hadi mwisho kila upande na upime nafasi iliyobaki kwenye madigadi, springi na fimbo za usukani. Rudia gurudumu moja likiwa juu ya kitu kirefu ili ekseli ijipinde. Kwenye matairi ya mitumba soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliozeeka hupasuka ubavuni hata kama meno yake yamesimama.

*Inavuruga nini.* Nguvu na breki. Tairi kubwa hurefusha gia zote, zikiwemo zile za chini za kupandia. Kwa mfano wa 265 kwenda 285 ni karibu asilimia 4, na spidomita ikisoma 100 gari liko karibu 104. Kutoka inchi 31 kwenda 33 ni zaidi ya asilimia 6, na injini ya zamani isiyo na tabo huihisi kwenye kila mlima. Breki zinasimamisha tairi zito kwa mkono mrefu zaidi. Land Rover za Series zote zina breki za ngoma mbele na nyuma, na shafti zake za nyuma zinajulikana kwa kukatika, kwa hiyo tairi kubwa huko ni kuomba msiba. Beringi za magurudumu, tairodi na mhimili wa kugeuzia nazo hubeba zaidi.

*Inamfaa nani.* Ambaye mikwaruzo iko kwenye bakuli la difu. Asiye na uhakika ajaribu kwanza kupunguza upepo anapoingia mchangani au kwenye mawe, kisha ajaze tena kabla ya kurudi lami. Tairi lenye upepo mdogo hulala na kushika ardhi kwa urefu zaidi, na wengi waliodhani wanahitaji kimo walihitaji mshiko.

Uchague kwa hali yako

Kama gari umelinunua juzi na hujui lilikopita, fanya ya kwanza. Badilisha bushi, shokapu na springi zilizochoka, liendeshe, kisha pima tena. Huenda safari ya kuinua ikaishia hapo.

Kama tangi au chesisi ndiyo inayogusa, springi ndefu za milimita 40 hadi 50 ndizo jibu, pamoja na shokapu zake, na kasta na vali ya breki virekebishwe kazi ikiwa bado haijafungwa.

Kama difu ndiyo inayogusa, springi hazitakusaidia. Ongeza tairi kwa saizi moja, na kama linasugua, chagua kati ya spesa za bodi na springi kwa kuangalia ni ipi gari lako inaikubali. Tairi na bodi kwa pamoja huacha gari likiwa na tabia yake ya zamani. Tairi na springi hukupa zaidi porini na kukudai zaidi barabarani.

Kama njia zako zina miteremko ya kukata mlima kwa ubavu, chochote unachoongeza juu kitakurudi, kwa sababu gari refu hupinduka mapema. Baki chini, weka matairi mazuri na kinga za chuma chini ya difu na tangi.

Kama hakuna karakana karibu ya kupima alaimenti, acha kazi zinazogusa kasta hadi utakapopata pa kupimia. Kurudisha springi za kimo cha kiwandani unaweza kuifanya kwa utulivu uwani kwako.

Kama gari hukaguliwa kila mwaka au lina bima kubwa, uliza kwa maandishi ni badiliko gani linakubalika kabla ya kufungua bolti ya kwanza, maana kanuni za kimo na saizi ya tairi hutofautiana baina ya nchi na nchi. Na njia yoyote utakayoichagua, baada ya kilomita mia chache rudi uvunguni na spana ukaze tena yu-bolti, bolti za bodi na nati za magurudumu.